Barabara Iliyochorwa kwa Rula

Kituoni, 4 Machi 2008

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, ila baridi ya huku juu imenipasua midomo mpaka nacheka kwa upande mmoja. Simu hazishiki kabisa hapa kituoni, kwa hiyo tumerudi kwenye mambo ya stempu. Barua huenda na gari la mahitaji kila baada ya wiki mbili, dereva akiwa na hamu.

Mama hajambo? Mwambie soksi alizonifumia zimefika. Moja ni ndefu kuliko mwenzake, lakini najua amefuma kwa kupapasa, na miguu yangu haina maringo. Msomee pole pole, umwambie nakula vizuri.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nimepandishwa. Nilikuwa mpishi wa wapanda milima, sasa ni kiongozi wa safari: nawaendesha wageni kwa gari mpaka mwisho wa barabara, kisha natembea nao siku nne au tano. Bosi ameniambia nichague kifaa cha GPS cha mkononi pamoja na ramani zake, kwa ajili ya gari na kwa ajili ya miguu. Nikamwambia mimi nina mjomba aliyechora nusu ya nchi hii, ngoja nimuulize.

Dukani vipo vitatu. Kuna kidogo kinachoonyesha namba na mshale tu, hakina ramani. Kuna cha kati, kina ramani kwenye kadi na kinatumia betri za tochi. Na kuna kikubwa cha kugusa kioo, kizuri kweli, kinakuambia pinda kushoto kwa sauti ya mama wa kambo, ila chaji yake inakata roho baada ya saa saba. Nichukue kipi? Nisaidie, maana nikikosea nitarudishwa jikoni.

Ni mimi mpwa wako.


Nyumbani, 29 Machi 2008

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti lipo. Mama yako yupo. Jicho la kushoto sukari imelimaliza, la kulia linaona mwanga tu, lakini bado anang'ang'ania kupika, na mimi kila siku nakula mchanga kidogo pamoja na mchuzi. Nimemsomea barua yako. Kwenye soksi alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama kuna anayekufulia. Ndivyo alivyo.

Kuhusu kifaa, chukua kile kidogo. Mtu anayejua kusoma karatasi anahitaji namba tu. Picha ni za watu waliozoea kulishwa. Lakini sikiliza, maana najua kichwa chako. Pembeni mwa kila karatasi kuna maandishi madogo yanayosema vipimo vyake vimeanzia wapi. Kifaa nacho kinakuja na mwanzo wake wa kiwandani. Usipovilinganisha, kitakuonyesha umesimama mita mia mbili pembeni ya mahali ulipo, na wewe utakiamini, kwa sababu kinawaka taa.

Nakutumia karatasi kumi na moja za eneo lenu, nimezikunja ndani ya bomba la plastiki zisilowe. Nilizichora mwaka wa themanini na saba, wakati ramani ilipokuwa kazi ya watu wenye mikono isiyotetemeka.

La mwisho. Baba yako alikuwa dereva mzuri kuliko utakavyowahi kuwa, na unajua alivyoishia: yeye, lori na chupa. Shika karatasi, acha chupa. Mama yako ndiye aliyenituma niandike hivyo, mimi nimeongeza ukali tu.

Mjomba wako.


Kituoni, 20 Aprili 2008

Mjomba, shikamoo tena.

Poleni na mvua, nasikia huko zimeanza. Huku tumepata ukungu mzito, asubuhi tunatafutana kwa miluzi. Mama aambiwe kuwa najifulia mwenyewe, na kwamba napiga pasi pia, ingawa hilo la pasi ni uongo.

Ramani zimefika salama. Nilizitandaza kwenye meza ya kulia chakula na wageni wakaacha supu yao ipoe. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alipitisha kidole juu ya herufi akasema hajapata kuona mkono safi namna hii. Nikamwonyesha herufi mbili za jina lako kwenye kona. Nilijivuna kama nimechora mimi.

Ila moja imekosekana. Zinakwenda vizuri mpaka mia na kumi na tatu, halafu inaruka mia na kumi na tano. Mia na kumi na nne ndiyo ninayoihitaji, maana ndiyo yenye uwanda wa juu na mteremko wa kwenda mtoni. Hebu angalia, labda imebaki kabatini.

Usinikasirikie, nimechukua kifaa cha kati. Betri za tochi zinapatikana hata kwa muuza sigara. Vitufe vinabonyezeka mtu akiwa amevaa glavu, kioo kinasomeka juani, na unakibandika mbele ya usukani, ukifika mwisho wa barabara unakibandua unatembea nacho. Kadi yake ina barabara pamoja na mistari ya mwinuko. Na unajua muuzaji kaniambia nini? Waliotengeneza kadi walinakili karatasi za zamani za serikali. Yaani zako. Umo ndani ya kifaa, Mjomba, nakubeba mfukoni.

Kwenye kadi kuna barabara inayokata uwanda mpaka mtoni. Ikiwa inapitika, tutaokoa siku nzima. Nataka kuilinganisha na karatasi kabla sijapeleka watu.

Halafu, kwa kuwa umemtaja: mimi nilikuwa na miaka minane, na simkumbuki baba akiwa amelewa hata siku moja. Labda alikuwa akinywea njiani. Mama bado anamtaja?

Mpwa wako.


Nyumbani, 11 Mei 2008

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote tupo. Mama yako ana kidonda kidogo mguuni, alijigonga kwenye stuli. Nimemwambia akae chini, hakai.

Karatasi ya mia na kumi na nne imeliwa na mchwa. Usiiulize tena.

Hicho kifaa kirudishe dukani. Kadi hizo zinatengenezwa na watoto ambao hawajawahi kuchafua viatu. Kama huwezi kukirudisha, toa kadi, tumia namba. Na uwandani usipite. Zunguka kwa barabara kuu kama watu wengine, hiyo siku moja haitakuua. Kule kuna matope, kuna ukungu, hakuna msaada. Nimesema. Cheo kisikupande kichwani, jana tu ulikuwa unamenya viazi.

Kuhusu baba yako, mlevi hanywi mbele ya watoto. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua, mimi ndiye niliyemnusa. Mama yako humtaja akitaka kutukana.

Mjomba wako.


Kituoni, 30 Juni 2008

Mjomba, shikamoo.

Salamu naziandika kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Usitafute kingine ndani yake. Kidonda cha mama kinaendeleaje? Barua hii usimsomee. Soma peke yako, ukae.

Tulipita uwandani. Nilikuwa na wageni wanne, yule bibi mwalimu, aliyekuwa amerudi kwetu mara ya pili, akiwa kiti cha mbele. Kwenye kioo barabara ilikuwa mstari mwekundu ulionyooka kama kamba ya nguo. Chini ya magurudumu palikuwa na nyasi tu. Nikajisemea mvua zimefuta njia. Ukungu ukashuka. Kifaa kikasema zimebaki kilomita mbili tufike mtoni, na mwanzo wa vipimo nilikuwa nimeulinganisha kama ulivyonifundisha, kwa hiyo nilikiamini. Kilichotuokoa ni kwamba sikuona alama hata moja ya tairi la mtu mwingine. Nikasimamisha gari, nikakibandua, nikatangulia kwa miguu.

Nilihesabu hatua thelathini na moja, Mjomba. Ardhi ikaisha. Chini niliona mawingu, na yalipopasuka nikaona mto, mdogo kama uzi. Nikatazama kioo. Kioo kilisema nimesimama katikati ya barabara.

Bibi mwalimu alishuka garini, akakataa kupanda mpaka nigeuze. Nikageuza gari kidogo kidogo, nikifuata alama za tairi zetu wenyewe.

Pale njia panda, unapoacha barabara kuu, kuna fundi wa matairi, mzee sasa. Alipotuona tunarudi wala hakushangaa. Akaniambia, "Wewe ni wa nne."

Nikamuuliza wengine wako wapi. Akasema wawili waligeuza kama mimi. Mmoja hakugeuza. "Alikuwa na lori la saruji. Mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa tano. Alisimama hapa nikamzibia tairi, tukanywa chai. Nikamwambia, ndugu yangu, huko hakuna barabara. Akacheka, akanitolea ramani, karatasi mpya kabisa ina muhuri. Akasema, 'Mzee, hii amechora shemeji yangu. Yule mtu hakosei.'"

Nikamuuliza kama alikuwa amelewa. Akaniangalia vibaya. Akasema, "Nimekuambia tulikunywa chai."

Kisha akaniambia lililobaki. Siku ya tatu alikuja mtu kuchukua maiti, kijana mrefu mwenye rula ndogo kwenye mfuko wa shati, na fundi ndiye aliyemshusha mpaka lilipoangukia lori. Kabla hajaigusa maiti, alipanda kwenye kibanda cha lori lililopondeka, akatoa karatasi, akaikunja mara nne, akaiingiza ndani ya shati. Hapo ndipo akaanza kulia.

Hukuwahi kuniambia ni wapi baba alipoangukia. "Huko milimani," ulikuwa ukisema. Sasa niambie wewe. Ile chupa ilitoka wapi?

Mpwa wako.


Nyumbani, 17 Agosti 2008

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, goti lilinilaza. Kidonda cha mama yako kimekuwa kikubwa, tunakwenda hospitali kila Jumatatu kukisafisha. Hajambo lakini. Anauliza mbona huandiki, nimemwambia gari lenu la mahitaji limeharibika.

Niseme kwamba fundi wa matairi, miaka kumi na tisa baadaye, anakumbuka rula kwenye mfuko wa shati, na wewe huoni ajabu. Watu wa barabarani wanapenda hadithi. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili. Ofisini tulikuwa na utaratibu: kila barabara lazima aliyeichora awe ameipita kwa miguu, na anatia sahihi kwamba ameipita. Ile sikuipita. Nilikuwa na jipu kwenye unyayo. Nililala nyumba ya wageni siku nane huku wenzangu wakipima upande wa pili, na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imefika. Juu ya uwanda kulikuwa na njia inaanza, niliiona kwa darubini. Chini mtoni kulikuwa na njia inaishia, nayo niliiona. Njia inayoanzia hapa na kuishia pale ni njia moja, nikasema. Nikaweka rula, nikaunga. Mstari wenyewe sentimita tatu na nusu. Mkuu wangu alisifu kazi.

Chupa haikuwepo. Haya, nimeandika, furahi.

Lakini nisikilize sasa, usikilize kama mtu mzima. Mama yako alilia wiki mbili, hakula. Nilipomwambia kulikuwa na chupa, aliacha kulia, akasimama. Chuki ilimsimamisha. Imemlea, imekulea na wewe. Unataka kumpokonya sasa, akiwa kipofu na mguu unaoza, umpe nini badala yake? Umpe mimi, ninayemshika mkono kwenda chooni? Miaka kumi na tisa amekaa chini ya paa langu. Fikiria kabla hujajifanya hakimu.

Sitamwambia. Atakufa kwa hilo.

Mjomba wako.


Kituoni, 5 Septemba 2008

Mjomba,

Shikamoo nimeiacha kwenye gari, itafika baadaye.

Umemweka mama chini ya paa lako, ni kweli. Amekupikia, amekufulia, amekupigia pasi hayo mashati yenye mifuko ya rula, na kila mlipogombana ulimkumbusha kwamba ni mjane wa mlevi na asingepokelewa kwingine. Nilikuwa nasikia. Kuta za nyumba yako ni nyembamba. Shuleni nilipigana mara ngapi kwa ajili ya chupa ambayo wewe ndiye uliyeijaza? Na mara nyingine sikupigana, Mjomba. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba baba yangu hata mimi simpendi. Hilo nalo nimekuja kulijua mwaka huu kwamba lilikuwa zawadi yako.

Utasema uliniambia nisipite uwandani. Ulisema matope. Ulisema ukungu. Ulikuwa na wiki nane za kuandika maneno matatu, barabara hiyo haipo, ukashindwa, kwa sababu mstari wako ni mzuri na ulitaka ubaki mzuri. Mimi na watu wanne tulikuwa bei ndogo.

Humu ndani kuna karatasi mbili. Hii ni yako. Ya pili ni ya mama. Imeanza na salamu na habari zangu, halafu nimemwandikia yote: uwanda, fundi wa matairi, chai, karatasi, maneno ya baba kuhusu wewe. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisingizie macho. Utamsomea wewe, kwa mdomo wako, mpaka mwisho. Sitaki asome jirani, sitaki asome muuguzi. Nataka asikie kwa sauti yako, na wewe usikie akisikia.

Ningeweza kuja kumwambia mwenyewe, gari ninalo. Siji. Sitakanyaga hapo mpaka uniandikie kwamba umemaliza kusoma. Kila siku atakayoniulizia, ujue ni wewe unayemnyima mwanawe.

Mpwa wako.


Nyumbani, 14 Oktoba 2008

Mpwa wangu,

Pole. Sina njia nyingine ya kuanza. Ofisi yenu itakuwa imekupa habari uliposhuka. Niliwapigia simu siku ileile, wakasema uko mlimani na wageni wa safari ndefu, siku kumi na mbili, hakuna wa kukufikia. Maiti haikuweza kusubiri.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili. Mama yako alikuwa amelazwa tangu tarehe kumi na nane. Walitaka kukata mguu, akakataa. Nilikwenda nayo hospitali jioni ileile. Kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, chini ya dirisha lisilofungika, nikamfunika bega kwa koti langu. Nikamwambia, mwanao ameandika. Akajiinua. Akaomba atandikiwe mto vizuri kwanza, kama mtu anayepokea mgeni.

Nilimsomea salamu. Nilimsomea kwamba umepewa jaketi jipya, kwamba wageni wanakupenda, kwamba umejifunza kupika mkate kwenye makaa. Alikuwa akitabasamu mahali ambapo hapakuwa na la kuchekesha. Nikafika pale ulipoandika, "Mama, sasa nataka nikuambie kuhusu baba." Nikaikunja karatasi.

Akaniuliza, "Ndiyo yote?"

Nikasema ndiyo yote.

Akasema hukuwa mtu wa barua fupi, labda umechoka. Akaniomba nisome tena tangu mwanzo. Nikasoma tena, nikaishia palepale. Nilifanya hivyo siku sita, mpwa wangu. Kila jioni niliingia wodini nikiwa nimeamua, na kila jioni nilitoka na karatasi ikiwa imekunjwa mfukoni. Jumapili alinishika mkono akasema, "Kaka, wewe umenistiri. Nikifa usinilaze karibu na yule mlevi. Niahidi." Karatasi ilikuwa kati ya mkono wake na kifua changu. Ningeweza kuitoa. Nikamwahidi.

Alifariki Jumatatu asubuhi, kabla ya chai.

Sikuombi msamaha, najua utaitumia barua hii kuwashia moto. Lakini na mimi nina moja la kukuambia, na nakuambia kwa kuwa sasa tumebaki wawili. Kutoka kituoni kwenu mpaka hapa ni siku mbili, barabara nzuri, na ile ipo, niliipita kwa miguu. Ulikuwa na gari. Ulikuwa na maneno yote tayari kichwani. Ungekuja, ungekaa kando ya kitanda, ungesema kwa dakika tano, na mama yako angekufa akijua aliolewa na nani. Ulitaka kwanza mimi niumie. Haya, nimeumia. Ulijua mimi ni mtu gani tangu mwezi wa sita, na bado ukanikabidhi mimi.

Tulimzika Jumatano, upande wa juu wa makaburi, karibu na ukuta. Baba yako yuko chini kule, kwenye safu ya mwisho. Wachimbaji waliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu pembeni yake palikuwa pameachwa nafasi ya mtu mmoja tangu mwaka ule. Nikawaambia ndivyo mwenyewe alivyotaka.

Mjomba wako.